Uigaji wa galaksi kwa kompyuta ni nini?

Uigaji wa galaksi kwa kompyuta ni kuijenga kwa hesabu sehemu ya ulimwengu, kuipa kanuni za fizikia, kisha kuiacha iende tangu enzi za mwanzo hadi leo, ili ijulikane kama galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zitakazozuka humo zinafanana na zinazoonekana kwa darubini. Anayesimama ufukweni Makunduchi usiku wa kaskazi usio na mbalamwezi, akaelekea kusini, huyaona Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani na yetu. Lakini hata akiyatazama umri wake wote hatayaona yakibadilika, kwa kuwa mageuzi yao huchukua mamilioni ya miaka.

Fikra hii imetangulia kompyuta. Mwaka 1941 mwanaastronomia Erik Holmberg wa Sweden alipanga taa 74 kuwakilisha galaksi mbili, 37 kwa kila moja, akapima mwanga badala ya mvutano, kwani vyote viwili hubaki robo umbali unapozidi mara mbili. Kila alipokwisha kupima, alizisogeza taa kidogo, akapima tena. Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar na Jüri Toomre, walionyesha kwa kompyuta kwamba mikia mirefu ya nyota inayoning'inia kwenye baadhi ya galaksi hutokana na galaksi kupitana karibu.

Siku hizi hesabu huanza na gesi na maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ila kwa mvutano wake, iliyotandaa karibu sawasawa. Palipozidi kidogo huvuta zaidi, gesi ikapoa, ikazama, ikazaa nyota. Mvutano ndio sehemu nyepesi: uigaji wa Millennium wa mwaka 2005 ulifuatilia chembe zaidi ya bilioni 10 za maada ya giza, bila gesi. Kwenye gesi ndiko kwenye kazi. Katika uigaji wa Illustris, wa mwaka 2014, fungu moja la gesi lina uzito wa jua takriban milioni moja, hivyo nyota mojamoja haionekani, na kuzaliwa na kulipuka kwake huingizwa kwa kanuni ya makadirio.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye faida kubwa. Milipuko ya nyota na nguvu za mashimo meusi, yaani vitu vyenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, zisipotiwa, galaksi huzaa nyota kupita kiasi, na kosa hilo huonyesha kinachoizuia gesi isizae nyota. Ila makadirio hayo hurekebishwa hadi yalingane na baadhi ya vipimo vya angani. Kwa hiyo ulinganifu wenye uzito wa ushahidi ni ule wa mambo ambayo hayakutumika katika marekebisho.