Likizo ya wiki moja haitoshi kwa CCNA

"Mkubwa, kazi imenibana, lakini wiki ya mwisho nachukua likizo niimalize CCNA yote." Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, na kijana mwerevu kabisa wa zamu yetu. Naomba tuliongee vizuri, maana mpango huu unawapotezea vijana pesa ya mtihani wa cheti hiki cha Cisco cha mitandao ya kompyuta, na likizo kwa pamoja.

Mtihani wa CCNA, yaani 200-301, una dakika 120, na ukishapita swali huwezi kulirudia. Hakuna kusema "hili la subneti nitalirudia mwisho". Ukiona /27 (ukubwa wa subneti, yaani kipande cha mtandao), anwani 32 na 30 za kutumika zinapaswa kukujia papo hapo. Wepesi huo haupatikani kwa kukesha siku saba. Unatokana na kurudia kidogo kidogo kwa wiki nyingi, unasahau, unakumbuka tena. Wanaofanya mitihani ya AWS, huduma za wingu za Amazon, wana nafasi zaidi: ngazi ya Associate ya wasanifu ni maswali 65 kwa dakika 130, unaweka alama na kurudi. Tena, kama Kiingereza si lugha yako ya kwanza unaweza kuomba dakika 30 za ziada, mradi uombe kabla ya kuweka tarehe.

Linaloniudhi hasa ni hili la kuhesabu saa kana kwamba zote ni sawa. Saa moja ndani ya matatu Thika Road, foleni imegoma pale Roysambu, inafaa kwa kadi za maswali: namba za poti, AD (kipimo cha kuaminika) ya OSPF, itifaki ya kutafuta njia, ni 110, hatua za DHCP, ile inayogawa anwani za IP. Kwa lebu, yaani mazoezi ya vitendo, haifai kabisa. Unafungua Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao, unaunganisha swichi mbili, unaweka VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi) 10 na 20, ping, yaani jaribio la mawasiliano, ya VLAN 20 inagoma. Unahangaika, unarudia kebo, unarudia IP, mwishowe unagundua tranki, kiungo kinachopitisha VLAN kati ya swichi, inaruhusu 10 peke yake. Unaongeza 20, lakini unasahau kuandika neno add kwenye amri, hivyo orodha ya zamani inafutwa, na sasa 20 inapita na 10 ndiyo imekufa. Ukilipata kosa hilo mwenyewe, hulisahau tena. Lakini linataka saa mbili za utulivu, simu imezimwa, na si robo saa kati ya tiketi mbili (maombi ya msaada) za wateja.

Kwa hiyo likizo igawanye. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi kwa mwaka. Omba Ijumaa moja moja, zilizoachana, ziwe za lebu tu. Nadharia ipe alfajiri kabla ya kazi. Saa nne usiku macho yanasoma na kichwa kimelala. Tarehe iweke mapema, kwani Pearson VUE, kampuni inayoendesha mitihani hii, hukuruhusu kuihamisha mradi usingoje saa 24 za mwisho.

Walio kwenye zamu za kuitwa usiku ndio wanaonipa shida. Ukiamshwa saa nane usiku kwa sababu ruta ya tawi imezima, alfajiri hiyo imekwenda, na sijaona ratiba inayostahimili hilo. Ninachowaambia ni wabadilishane zamu na mwenzao kwa wiki mbili za mwisho, na wamweleze meneja kabla ratiba ya mwezi haijatoka.