Je, wajua kompyuta pepe hutoaje sauti ilhali haina kadi ya sauti?

Kompyuta pepe ni kompyuta inayoigwa na programu, kama VirtualBox, ndani ya kompyuta halisi. Ukifungua Windows XP ndani ya VirtualBox, kisha ukatazama orodha ya vifaa vyake, unaweza kukuta kadi ya sauti ya Intel ya AC'97, kiwango kilichotoka mwaka 1997, ilhali ndani ya kompyuta iliyo mezani kwako kadi hiyo haimo. Hata hivyo muziki unasikika. Inawezekanaje?

Jibu linaanzia kwenye kiendeshi, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa. Kiendeshi hakiioni kadi wala hakisikii spika. Kinachokijua ni anwani kadhaa tu, ambamo huandika namba na kusoma namba. Programu ya kompyuta pepe, kama VirtualBox au QEMU, huzinasa namba hizo njiani na kujibu vilevile ambavyo kadi halisi ingejibu. Chukua Sound Blaster 16 ya mwaka 1992, ambayo QEMU huiiga kwa ajili ya programu za zama za DOS, mfumo endeshi wa zamani. Kwa kawaida, mchezo unaotaka kujua kama kadi ipo huandika 1 kwenye anwani 226, husubiri kitambo kifupi mno, huandika 0, kisha husoma anwani 22A, zote kwa hesabu ya kumi na sita, ambamo herufi A hadi F nazo ni tarakimu. Mchezo ukisoma AA, huamini kwamba kadi ipo. QEMU hurudisha AA, na mchezo huendelea.

Sauti yenyewe husafiri kwa njia nyepesi zaidi. Mfumo mgeni, yaani ule unaoendeshwa ndani ya kompyuta pepe, huziweka sampuli za sauti, yaani namba zinazoieleza sauti hatua kwa hatua, katika kumbukumbu yake, na kwa kuwa kumbukumbu hiyo ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta mwenyeji, yaani ile halisi, QEMU huzichota humo na kuzikabidhi kwa mfumo wa sauti wa mwenyeji, kama PulseAudio kwenye Linux.

Ugumu hasa uko kwenye wakati, na hapa ndipo kazi ya kuiga sauti inapostahili heshima. Kadi halisi ina saa yake ya fuwele, inayochota sampuli kwa mwendo usiobadilika, mathalani 48,000 kwa sekunde kwa kila upande wa stirio, na kila inapomaliza fungu moja humpigia mgeni hodi ili alete jingine. Kadi ya kuigwa haina fuwele. QEMU hutegemea kipima muda cha mwenyeji, ambacho kwa kawaida huiamsha kila baada ya milisekunde 10, sawa na sampuli 480 kwa kila upande. Mwenyeji akizidiwa na kazi nyingine, fungu huchelewa, spika hukosa cha kupiga, nasi tunasikia mikwaruzo. Akiba ya sampuli ikiongezwa, mikwaruzo hupungua, lakini sauti huanza kuachwa nyuma na picha.

Kuigwa kwa kadi za zamani kuna sababu yake: viendeshi vyake tayari vimo ndani ya mifumo mingi. Kwa Windows za baadaye huigwa Intel HD Audio ya mwaka 2004. QEMU 8.2, ya mwaka 2023, iliongeza virtio-sound, isiyoiga kadi yoyote iliyowahi kuuzwa, ila inahitaji kiendeshi kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili yake.

QEMU inaweza pia kuambiwa isipeleke sauti popote. Mgeni huendelea kucheza wimbo hadi mwisho, hodi zikipigwa kwa wakati wake, na hakuna spika hata moja inayotikisika.