Panorama si picha ndefu

Picha ya Jiwe la Bismarck ikikatwa juu na chini hadi ukabaki ukanda mwembamba, wauzaji wengi wa picha hapa Mwanza huiita panorama, na hata baadhi ya wanaofundisha upigaji picha wamekwisha kulizoea kosa hilo. Panorama ni mwono mpana, unaoweza kufika nyuzi 360, uliochukuliwa kutoka nukta moja ya kutazamia. Umbo la karatasi halimo katika maana hiyo.

Kinachomsumbua mbunifu wa lenzi ni pembe. Lenzi inayotunza unyoofu wa mistari huweka taswira ya kitu mbali na kitovu cha sensa (kibamba cha kamera kinachopokea mwanga) kwa kipimo cha urefu wa fokasi (zile milimita zinazotajwa kwenye jina la lenzi) mara tanjenti ya pembe kati ya kitu hicho na mstari wa katikati wa lenzi. Lenzi ya milimita 24, kwenye sensa yenye upana wa milimita 36, huona nyuzi 74 hivi kwa mlalo. Ukitaka nyuzi 120, fokasi ishuke hadi milimita 10 na kidogo, na mtumbwi ulioko ukingoni kabisa utavutwa upana mara nne na kimo mara mbili kuliko ambavyo ungeonekana katikati. Kwenye nyuzi 180 ukingo uko nyuzi 90 kutoka katikati, na tanjenti yake haina kikomo, kwa hiyo hakuna sensa itakayotosha.

Ndiyo sababu wabunifu hukubali kuupoteza unyoofu. Katika kamera za lenzi inayozunguka, kama Al-Vista iliyotoka Marekani mwaka 1898, filamu hulazwa kwenye tao ili kila pembe ipate sehemu iliyo sawa. Ukuta mnyoofu utatoka umepinda, na hiyo ndiyo gharama yake.

Lakini kosa linaloniudhi zaidi liko kwenye stendi. Watu huizungusha kamera juu ya skrubu ya stendi, au huizungusha simu kwa mkono ulionyooshwa, kisha huilaumu programu inayounganisha picha. Mhimili wa mzunguko unapaswa kupita pale tundu la lenzi linapoonekana kukaa ukilitazama kutoka mbele kupitia vioo vyake. Mafundi wengi hupaita nukta nodi, ambayo ni kitu kingine na kwa kawaida haikai hapo. Mhimili ukikosea, kisiwa cha Saanane, kwa kuwa kiko mbali, hakitaonyesha kasoro, ilhali majabali ya Capri Point yaliyo hatua chache mbele yako yatakatika kwenye maungio.

Anayekata picha yake hajakosea kuikata. Aiite tu picha iliyokatwa. Anayetaka panorama achague nguzo mbili, ya karibu na ya mbali, zinazofunikana machoni pa kamera, kisha aizungushe kushoto na kulia: zikiachana, aisogeze kamera mbele au nyuma kwenye reli ya stendi mpaka zisiachane tena.