Malindi mjini na Malindi vijijini: tunayodhani kuhusu saratani, na yaliyo kweli

"Saratani ni maradhi ya mjini"

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine zote, na utaisikia pande zote mbili. Barazani Shela au Kisumu Ndogo, hapa Malindi mjini, watu wanalaumu chipsi, moshi wa magari na mawazo ya kodi. Ukipanda matatu hadi vijiji vya Marafa au Langobaya, wazee watakuhakikishia kwamba enzi zao hakukuwa na kansa, imeletwa na maisha ya kisasa. Dhana hii inaniuma, kwa sababu anayeamini kuwa maradhi hayafiki kwao hana haja ya kuyatafuta, na uvimbe unaokua mwaka mzima utapewa kila jina isipokuwa lake.

Ni kweli kwamba katika takwimu za nchi nyingi mjini huonekana wagonjwa wengi kuliko vijijini. Lakini tuulize kwanza takwimu zenyewe zimetoka wapi. Sajili za saratani zenye historia ndefu hapa Kenya ni ya Eldoret, iliyoanza mwaka 1999, na ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2001. Makadirio ya kitaifa, yale yanayosema kuwa mwaka 2022 Wakenya karibu 45,000 waligunduliwa kuwa na saratani na zaidi ya 29,000 wakafa nayo, yameegemea sajili chache za namna hiyo, kisha yakatandazwa nchi nzima. Mkulima wa Langobaya yumo humo kwa kukisiwa tu.

Ili mtu aingie kwenye sajili, lazima kwanza ugonjwa wake ujulikane kwa hakika. Uvimbe unakatwa kipande kidogo, kinatiwa kwenye chupa ya formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kinapelekwa maabara na kusomwa kwa hadubini na daktari wa patholojia. Madaktari hao ni wachache nchini, na wengi wao wako miji mikubwa. Mama wa Marafa mwenye uvimbe kwenye titi hupita njia ndefu kabla ya kuifikia hiyo hadubini: zahanati, vidonge vya maumivu, mganga, zahanati tena, hospitali ya Malindi, halafu Mombasa. Wapo wanaoishiwa na nauli katikati ya safari hiyo wakarudi nyumbani. Akifia kijijini, kifo chake huandikishwa kwa naibu wa chifu, na sababu inayoandikwa ni ile waliyoisema jamaa: aliugua kwa muda mrefu.

Hata akifika, kuna jambo dogo linaloharibu hesabu. Mgonjwa anayetoka bara hufikia kwa jamaa, shangazi yuko Kisauni au kaka yuko Mtwapa. Karani akimuuliza, "Mama, unakaa wapi?", yeye hujibu Kisauni, maana ndiko alikolala jana. Hapo Kisauni imeongezewa mgonjwa, na Marafa inabaki kama kwamba haina. Ukimsindikiza mtu wenu hospitalini, hakikisha linaandikwa jina la kijiji chake, si la alikofikia. Serikali hupeleka huduma kule ambako karatasi zinaonyesha kuna wagonjwa.

Liko pia suala la umri. Saratani nyingi huja kadiri mtu anavyozeeka. Mjini wamejaa watu wa rika la kufanya kazi, vijijini wamebaki watoto na wazee. Ukilinganisha sehemu hizi mbili bila kusawazisha umri, unachopima ni nani amehama na nani amebaki.

Na tuseme kila mgonjwa angeandikwa, picha ingekuwaje? Marekani husajili karibu wagonjwa wake wote. Mwaka 2017 kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa ripoti iliyolinganisha miji na mashamba. Mashambani waliougua walikuwa 442 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, mijini 457. Lakini waliokufa mashambani walikuwa 180, na mijini 158. Wanaougua ni wachache kidogo, wanaokufa ni wengi zaidi. Tena saratani zinazotokana na tumbaku, pamoja na ile ya mlango wa kizazi, zilikuwa nyingi zaidi huko mashambani. Ikiwa hali ni hiyo kwenye nchi yenye barabara nzuri na mashine kila jimbo, sioni kwa nini sisi tujifariji kwamba kijiji ni kinga.

"Chakula cha shamba ni cha asili, hakina madhara"

Mboga za shamba, samaki na nazi, vyote vyema. Ila mahindi yanahitaji kuangaliwa. Punje zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ile wengi wanaijua kwa jina la aflatoksini. Mwaka 2004, huko Ukambani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Ile ilikuwa sumu nyingi kwa mkupuo. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka, hushambulia ini na kuleta saratani yake, na mtu mwenye homa ya ini aina ya B yuko hatarini mara nyingi zaidi. Kuchemsha hakuiondoi. Sima iliyoiva vizuri inaweza kuwa nayo.

Nyumba nyingi za huku bara huweka mahindi kwenye uchaga juu ya meko, moshi uyakinge na dumuzi. Ni hekima ya miaka mingi. Tatizo huja pale mvua inapowahi na watu wakayapandisha mahindi mabichi wakitumaini moto utamalizia. Ipo njia ya kuyapima isiyohitaji mashine. Chukua chupa kavu ya glasi, tia punje hadi robo au thuluthi yake, ongeza vijiko kadhaa vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani, na uyatandaze juu ya turubai badala ya mchanga mtupu. Punje zilizobadilika rangi zitupwe. Kuwapa kuku au kuzipikia pombe hakuiondoi sumu.

Moshi wenyewe nao una lake. Mama anayepikia kuni za mafiga matatu kwenye chumba kisicho na dirisha anavuta moshi miaka nenda miaka rudi, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuweka moshi huo kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani.

Mnazi wa kunywa nao ni pombe, na pombe huleta saratani. Kwamba umegemwa mtini asubuhi hii hakubadilishi kitu kwa ini, koo wala titi.

"Kijana akikojoa damu, amekua"

Wapo wanaoyasema haya mpaka leo, na mtoto anapigiwa makofi badala ya kupelekwa zahanati. Mkojo wenye damu kwa mtoto anayeoga mto Sabaki au kwenye mabwawa ya Jilore karibu kila mara una jibu moja: kichocho. Vimelea vyake hukaa ndani ya konokono wa maji baridi, hutoka na kupenya ngozi ya anayeingia majini. Wakubwa wao hukaa kwenye mishipa ya damu iliyozunguka kibofu, na mayai yao hukikwaruza na kukitia makovu. Miaka ikipita, makovu hayo yanaweza kugeuka saratani ya kibofu. Tangu mwaka 1994 kimelea hiki kimeorodheshwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani.

Hapa tofauti ya mji na shamba inaonekana wazi. Mtoto wa mjini anayeogelea baharini hawezi kupata kichocho huko, kwa sababu konokono huyo haishi maji ya chumvi. Saratani ya kibofu ipo mjini pia, lakini chanzo chake kikubwa ni sigara, na huwapata zaidi wazee. Ya kichocho ni ya aina nyingine ya seli na huwapata watu wangali na nguvu za kulima. Kiungo ni kilekile, lakini ni maradhi mawili yenye kinga mbili tofauti. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, vidonge vinavyomezwa siku moja tu.

"Watoto hawapati kansa, huyo amerogwa"

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto waliokuja na mataya yamevimba vibaya. Mwaka 1961 alizunguka Afrika mashariki na kusini kwa gari akiuliza hospitali moja hadi nyingine ni wapi watoto hao wanaonekana. Ramani aliyoipata ilifuata joto na mvua: nyanda za chini zenye malaria mwaka mzima zilikuwa nao, nyanda za juu zenye baridi hazikuwa nao. Leo tunajua kwamba kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 na ambacho karibu kila mtoto wa huku hukipata akiwa mdogo, hushirikiana na malaria ya mara kwa mara kuleta saratani hiyo. Pwani yetu imo ndani ya ukanda huo.

Kwa hiyo ipo saratani ambayo mtoto wa kijijini, anayeng'atwa na mbu usiku kucha, yuko hatarini zaidi kuipata kuliko mtoto wa ghorofani Nairobi. Ikianza, meno ya upande mmoja hulegea na shavu hujaa. Nyanya atasema ni jino, jirani atasema ni jicho la watu. Uvimbe huu hukua haraka ajabu, unauona ukibadilika wiki kwa wiki. Lakini haraka hiyohiyo ndiyo inayoufanya uyeyuke kwa dawa za kemo, na watoto wengi hupona wakiwahishwa. Mwezi mmoja wa kuzunguka kwa waganga ndio huamua mtoto atapona au la.

"Basi hatari yote iko shamba"

La, na watu wa mjini wasipumue. Saratani ya matiti ni nyingi zaidi kwa wanawake wa mjini, na sehemu ya sababu inafahamika. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002 uliokusanya data za nchi 30 ulionyesha kuwa kila uzazi hupunguza hatari kwa asilimia 7, na kila miezi kumi na miwili ya kunyonyesha huipunguza kwa zaidi ya asilimia 4 juu ya hapo. Mwanamke wa mjini anazaa wachache, anaanza kuchelewa, anarudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Simlaumu hata kidogo. Namwomba tu ayajue matiti yake na asingoje maumivu, kwa sababu uvimbe wa mwanzo kwa kawaida hauumi.

Na tambuu. Ni mila ya mji wa Mswahili, ya harusini na barazani, na ni vigumu kumwambia mzee wako aiache. Lakini popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inajulikana kusababisha saratani ya kinywa, na ukiongeza tumbaku hatari inapanda zaidi. Kidonda kinywani kisichopona wiki tatu, doa jeupe lisilofutika, au mdomo unaoanza kukataa kufunguka wote, ni vya kuonyeshwa daktari wa meno wiki hiyohiyo.

"Ikiguswa na kisu inasambaa"

Haisambazwi na kipimo. Watu huona mgonjwa amekatwa kipande na baada ya miezi miwili amekufa, wakaunganisha. Aliyekufa alikuwa amechelewa kabla kisu hakijamgusa.

"Saratani ya mlango wa kizazi ni ya wanawake wa mabichini"

Kwa mji wa watalii kama wetu, maneno haya hutamkwa kwa urahisi na huumiza vibaya. Mama wa Ganda aliyeolewa akiwa msichana, hajamjua mwanamume mwingine, anaficha damu inayomtoka kwa kuogopa atafikiriwa nini. Saratani hii huletwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Ni cha kawaida mno, wengi wetu hukutana nacho maishani. Mke mwaminifu anaweza kukipata kwa mumewe. Mwili mara nyingi hukifukuza. Kisipoondoka kwa miaka, ndipo saratani hujengeka, na kuzaa mara nyingi, UKIMWI na kutopimwa huongeza hatari. Hayo mengi yako zaidi kijijini kuliko mabichini. Ndiyo saratani inayoua wanawake wengi zaidi Kenya, zaidi ya 3,000 kila mwaka, na karibu vifo hivyo vyote vingeweza kuzuiwa.

Kipimo kimojawapo ni cha siki. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Majibu unapewa ukiwa bado kitandani, na mara nyingi sehemu hiyo hutibiwa palepale bila kulazwa. Hakihitaji maabara, hakihitaji Mombasa.

Wasichana wana chanjo, iliyoanzishwa nchini Oktoba 2019. Haihusiani na kupanga uzazi wala haifungi kizazi, inakinga dhidi ya HPV tu. Hutolewa bure kwenye vituo vya serikali kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14, Kakuyuni sawasawa na Malindi mjini.