Dumu lililovimba: gesi iliyomo kwenye majitaka ya mawese

Konda ndiye aliyenipigia simu. "Kaka, njoo uchukue mzigo wako haraka, dumu moja limevimba, abiria wanaogopa." Nilikuwa nimetumiwa madumu matatu ya lita 20 yenye majitaka kutoka kwenye mashine ya kukamua mawese huko Kigoma, na basi lilikuwa limeingia stendi ya Magufuli, Mbezi. Mawili yalilegezwa vifuniko kama nilivyoagiza. La tatu mtu alilikaza kwa nguvu zake zote. Nilipozungusha kifuniko robo tu likapiga mluzi karibu nusu dakika, na harufu ikawatawanya wapagazi. Konda akadai nyongeza, nikalipa bila kubishana.

Gesi ile isingewaka hata ungeiwekea kiberiti, maana nyingi ilikuwa kabonidayoksaidi, kama ya togwa inapochachuka. Kutoka uchachu ule hadi moto wa bluu jikoni kuna hatua moja zaidi, na ndiyo inayoua mitambo mingi ya bayogesi, yaani gesi ya kuwaka inayotokana na uchafu kuoza.

Majitaka haya ya mawese hutokana na kupika vichikichi kwa mvuke na kutenganisha mafuta na tope lake. Kwenye kiwanda kikubwa, kila tani ya mawese huacha nyuma tani 2.5 hadi 3 za majitaka. Hutoka yakiwa na nyuzijoto 80 hadi 90, mazito, rangi ya uji wa ulezi, yana uchachu wa pH 4 hadi 5 (pH ikishuka, uchachu unapanda), na juu yanaelea mafuta yaliyoponyoka. Hayana sumu ya kutisha. Shida yake ni kwamba ni chakula kingi mno. BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu wataitumia wakiyala, hufika miligramu 25,000 kwa lita, wakati majitaka ya majumbani huwa na mia chache tu na kiwango cha TBS cha kumwaga kwenye mazingira ni 30. Ukiyaachia mtoni, vijidudu wanafanya sherehe na samaki wanakosa pumzi.

Malaysia walilikabili hili mapema. Kanuni zao za 1977 ziliwabana wenye viwanda hatua kwa hatua: BOD 5,000 mwaka 1978, kisha ikashushwa na kushushwa hadi 100 mwaka 1984. Wengi wakachimba mabwawa ya wazi. Mto ulipona kiasi, lakini methani, ile gesi inayowaka, ikawa inapaa bure angani, na methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kabonidayoksaidi ikihesabiwa kwa miaka 100. Kulifunika bwawa kwa turubai nene la plastiki ni kuikamata gesi hiyo.

Hesabu yake napenda kuifanya kwa mitungi. Mita moja ya ujazo ya maji haya ina takribani kilo 50 za COD, yaani uchafu wote unaoweza kuungua, ukipimwa kwa oksijeni unayohitaji. Vijidudu wakila asilimia 85, kila kilo iliyoliwa hutoa lita 350 za methani. Jumla inakuja karibu mita za ujazo 15, ambazo joto lake ni sawa na kilo 11 hivi za gesi ya kupikia. Kwa hiyo kila mita ya ujazo unayomwaga, umemwaga sehemu kubwa ya mtungi wa kilo 15.

Sasa ile hatua. Ndani ya mtambo wanaishi makundi mawili. La kwanza huvunja mafuta na wanga kuwa tindikali. Hawa ni wepesi, huzaliana kwa saa. La pili huigeuza tindikali kuwa methani. Hawa ni wazito, huzaliana kwa siku, na hutaka pH ya karibu 7. Ukilisha kwa pupa, kundi la kwanza linazalisha tindikali kuliko la pili linavyoweza kula, pH inashuka, kundi la pili linadhoofika, na pH inazidi kushuka.

Najua kwa sababu nimelifanya kosa hilo mwenyewe, uani kwangu Tabata. Nilichukua pipa la lita 200, nikaliwekea mbegu ya vijidudu kutoka matumbo ya ng'ombe, machinjio ya Vingunguti, nikaunga bomba hadi kwenye tyubu ya lori. Wiki mbili lita moja kwa siku, kisha mbili. Wiki ya nne nikachemsha chai. Furaha ikanipanda kichwani, nikaruka hadi lita nane. Siku ya tatu mwali ukapauka, ukaanza kuruka kutoka kwenye bena, ukazima. Karatasi ya pH ilionyesha chini ya 6 na pipa lilinuka siki. Mama mwenye nyumba akanipa siku saba. Niliacha kabisa kulilisha, nikaongeza chokaa kidogo, nikangoja.

Kiwandani sipendi dawa ya chokaa, inakula fedha. Heri kuyarudisha baadhi ya maji yaliyokwisha kumeng'enywa yachanganyike na mapya, maana yana nguvu ya kupunguza tindikali. Na mafuta yanayoelea yaenguliwe kwanza. Yana gesi nyingi, ni kweli, lakini huwafunika vijidudu na kujenga utando mgumu juu. Yauzwe kwa watengeneza sabuni.

Kuhusu umeme nina msimamo. Kiwanda kikubwa kina nyuzi na maganda ya kulishia boila, hivyo joto hakikosi. Kwake jenereta ina maana. Mkamuaji mdogo anayechemsha kwa kuni aipeleke gesi moja kwa moja chini ya pipa lake la kuchemshia. Bayogesi hii hubeba haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya mayai viza, ambayo kwenye injini hugeuka tindikali na kuila. Kuichuja kwa vyuma vyenye kutu inawezekana, ila mtu lazima akumbuke kuvibadilisha.

Yanayotoka mwishoni bado si ya kumwagwa mtoni. Yana potasiamu nyingi, na mchikichi unaipenda sana.

Mwenye mashine aliyenitumia madumu bado anataka jenereta. Nimemwomba kwanza ahesabu ndoo za majitaka kila siku, msimu wa mavuno na nje ya msimu, maana vijidudu hawaendi likizo matunda yakipungua. Mpaka leo amenitumia hesabu ya siku kumi na moja.