“Daktari Yule Si Wetu”: Dhana Potofu Kuhusu Dhima ya Hospitali

Mgonjwa amedhurika, ndugu zake wamekwenda kulalamika, na jibu wanalopewa ofisini ni hili: “Daktari yule si mwajiriwa wetu, yuko hapa kwa mkataba tu. Mfuateni mwenyewe.” Wengi wakishasikia hivyo hukunja makaratasi yao na kuondoka. Ndivyo hospitali ingependa, lakini sheria katika nchi nyingi haiishii hapo.

Dhana: Asiyelipwa mshahara na hospitali, makosa yake hayaihusu hospitali.

Dhana hii ina mizizi. Mwaka 1909 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi ya Hillyer dhidi ya Hospitali ya St Bartholomew's, iliona kwamba wajibu wa hospitali ni kuchagua wataalamu wenye sifa. Uzembe wao wa kitaalamu ulikuwa juu yao wenyewe. Nyakati zile hospitali nyingi zilikuwa za hisani, na majaji hawakupenda kuzifilisi.

Mambo yaligeuka baada ya Vita Kuu ya Pili. Katika kesi ya Cassidy dhidi ya Wizara ya Afya, mwaka 1951, mgonjwa aliingia hospitali na vidole viwili vilivyokakamaa, akatoka na vinne. Jaji Denning alisema swali la kuuliza si aina ya mkataba alionao daktari. Swali ni nani aliyemchagua. Mgonjwa akimtafuta daktari wake mwenyewe na kukubaliana naye, hapo hospitali yaweza kupona. Lakini hospitali ikiwa ndiyo iliyompanga daktari, itabeba uzembe wake, awe wa kudumu au wa kupita.

Kwa maoni yangu, kipimo hicho ndicho chenye akili. Tazama mgonjwa anavyopokelewa. Anafika idara ya dharura usiku akitweta, anafunguliwa faili, anavalishwa gauni la wodi, kisha anakuja mtu mwenye koti jeupe na beji yenye nembo ya hospitali. Bili nayo inatoka kwa jina la hospitali. Nani atamwuliza daktari huyo kama ana mkataba wa ajira? Na wa nusukaputi ndiye kabisa: mgonjwa hukutana naye dakika chache kabla ya kulala.

Mahakama kadhaa za Marekani zimefuata mantiki hiyo: ukimwonyesha mgonjwa kwamba daktari ni wako, naye akaamini na kujikabidhi, huwezi baadaye kumkana. Mahakama ya Juu ya Illinois ilisema hivyo mwaka 1993 katika kesi ya Gilbert. Ile ya Alaska, mwaka 1987, ilikwenda mbali zaidi: hospitali iliyolazimika kutoa huduma ya dharura haiwezi kuusukuma wajibu huo kwa mkandarasi na kujivua lawama.

Hata hivyo, si kila mahali. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufaa ya Ontario, nchini Kanada, ilikataa kwa wingi wa majaji kuibebesha hospitali uzembe wa daktari asiye mwajiriwa. Kwa hiyo sheria ya pale ulipotibiwa ndiyo itakayoamua, na wakili wa huko ndiye wa kuulizwa.

Dhana: Ukishasaini fomu, kesi imekwisha.

Fomu ina uzito, tusidanganyane. Huko Texas, mwaka 1998, mwanamke aliyeumwa na buibui alishindwa kesi yake dhidi ya hospitali. Mabango ukutani na fomu aliyosaini vilisema wazi kwamba madaktari wa dharura ni wakandarasi huru. Lakini fomu hiyo inajibu hoja moja tu, ya mgonjwa kuaminishwa. Mahali ambapo wajibu wenyewe haukabidhiki, kama Alaska, maandishi hayo hayana nguvu ileile. Wala fomu haigusi makosa ya hospitali yenyewe.

Dhana: Hospitali haina kosa lake, kosa ni la daktari.

Mwaka 1960 mchezaji wa futiboli ya Kimarekani mwenye miaka 18 alivunjika mguu, akafungwa plasta katika hospitali moja ya Illinois. Vidole vya mguu vilivimba, vikawa vyeusi, kisha baridi. Hatimaye mguu ulikatwa chini ya goti. Hukumu ya mwaka 1965, kesi ya Darling, ilitazama hospitali ilifanya nini: wauguzi waliangalia mzunguko wa damu mara za kutosha? Mbona hakuitwa mtaalamu mwingine? Huo ni uzembe wa taasisi, sawa na kumruhusu mtu apasue bila kuchunguza vyeti na historia yake.

Dhana: Basi kila tiba ikiharibika, hospitali italipa.

Hapana. Mwaka 1947 wanaume wawili walipooza baada ya kuchomwa dawa ya ganzi mgongoni. Kemikali ilikuwa imepenya kwenye vichupa kupitia nyufa zisizoonekana. Majaji wa rufaa, mwaka 1954, walikubali kwamba hospitali ingewajibika kwa daktari wa nusukaputi aliyewachoma, ingawa hakufanya kazi pale muda wote. Lakini hatari ile ilikuwa haijulikani mwaka 1947, hivyo hapakuwa na uzembe, na wagonjwa hawakupata kitu.

Dhana: Usipomjua daktari kwa jina, huwezi kudai.

Nchini India malalamiko ya mjane mmoja dhidi ya hospitali yalitupwa kwa sababu hakuwaunganisha madaktari kwenye kesi. Mahakama ya Juu iliyafufua mwaka 2004, kesi ya Savita Garg. Mgonjwa hujuaje nani alimshika saa ngapi? Ilisema hospitali inawajibika, daktari awe mwajiriwa au wa kualikwa, na ni juu yake kuleta kumbukumbu na kuonyesha kwamba hapakuwa na uzembe. Ukimjua daktari, kwa kawaida unaweza kuwashtaki wote wawili. Fidia ni moja, nao watagawana wenyewe. Anza kwa kuomba nakala ya faili lote kwa maandishi, pamoja na karatasi ya nusukaputi, na uwahi, maana muda wa kufungua madai una kikomo.