Je, wajua? Majani ya tawi lililokatika hayadondoki

Kata tawi bichi lenye majani machanga, ulianike juani. Baada ya wiki mbili majani yatakuwa makavu ya kahawia, yanasagika ukiyafinya, na bado yameshikamana na tawi. Kwenye mti wenyewe, jani la manjano ambalo lina unyevu bado linabanduka kwa kuguswa tu. Kwa nini lililokufa ling'ang'anie na lenye uhai kidogo lianguke?

Jibu la haraka, ambalo karibu kila mtu hulitoa, ni kwamba jani hudondoka kwa sababu limekufa: limekauka, kikonyo kimeoza, upepo ukamalizia. Tawi lililokatika linalivunja jibu hilo, maana majani yake yamekufa na kukauka kuliko yale ya mtini. Uzito nao si sababu. Kikonyo cha mpapai, ambacho ndani kiko wazi kama bomba, huweza kufikia karibu mita moja na hubeba jani pana kwa wiki nyingi bila kuteguka. Kinaachia jani likiwa limesinyaa, yaani likiwa jepesi zaidi. Na kama ni kuoza, tazama kovu linalobaki kwenye shina: ni safi, kavu, lina umbo lilelile kila mara, na ndani yake kuna vitone palipopita mishipa ya maji na chakula. Kitu kilichooza hakikatiki hivyo.

Jani halijiangukii. Mmea ndio unaolikata.

Kikonyo kinapokutana na shina kuna ukanda mwembamba wa seli ndogondogo, tabaka chache tu, ambao huwa umeandaliwa mapema jani likiwa bado changa. Uone kama ukuta: seli ni matofali, na pektini iliyo katikati yake ni saruji. Ubapa wa jani hutengeneza homoni ya oksini, inayoteremka kwenye kikonyo bila kukoma, kama mtu anayetuma salamu nyumbani kila siku. Salamu zikifika, ukanda hauisikilizi homoni nyingine, ethilini, ambayo ni gesi. Jani likizeeka, likiumia au likikosa maji, salamu hupungua. Hapo ethilini husikika, na seli za ukanda huanza kutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha saruji. Matofali yanabaki mazima. Kinachoondoka ni kilichoyashikanisha.

Anayeyeyusha saruji ni seli hai, na fundi huyo anahitaji maji na nguvu. Tawi likikatika ghafla, fundi hufa kabla ya kuanza kazi, na ukuta hubaki ulivyo. Likikauka polepole, baadhi ya majani huwahi kukatwa, ndiyo maana matokeo hayafanani kwa kila tawi. Upepo nao una sehemu yake, ila ni ndogo: mirija ya maji ni seli zilizokwisha kufa, haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo mara nyingi ndiyo uzi wa mwisho unaokatwa na mtikisiko. Upande wa shina huzibwa kwa dutu ileile inayokifanya kizibo cha chupa cha gome la mti (koki) kisipitishe maji.

Nguvu ya ethilini ilionekana kabla haijajulikana. Katika karne ya 19, miti ya mijini Ulaya ilipukutisha majani karibu na mabomba yanayovuja ya gesi ya taa. Mwaka 1901 mwanabotania Mrusi Dimitry Neljubow alionyesha kwa miche ya njegere kwamba kiungo chenye athari katika gesi hiyo ni ethilini. Ajabu ni kwamba asidi ya absisiki, homoni nyingine ya mimea iliyopewa jina hilo kwa kudhaniwa kuwa ndiyo inayoangusha majani, katika mimea mingi ina nafasi ndogo katika kazi hiyo.

Kujaribu ni rahisi. Chagua mmea wa chungu wenye shina laini na majani yanayokaa mawili mawili. Kwa wembe, ondoa ubapa wote wa jani moja, uache kikonyo. Jani la pili liache zima. Kikonyo kitupu huanguka baada ya siku chache, pengine wiki moja hivi. Ukibakiza kipande cha ubapa, salamu zitaendelea na utangoja sana. Usichague jani zee, kwa kuwa lingeanguka hata bila wembe.

Wabebeshaji wa miche, yaani wanaopandikiza jicho (chipukizi) la mti mmoja kwenye mche wa mwingine, hulitumia jambo hili kila siku. Wanapochukua jicho la kubandika, hukata ubapa na kuacha kipande cha kikonyo cha kama sentimita moja, ambacho pia ni mshikio mzuri. Baada ya wiki mbili au tatu hukigusa kwa ncha ya kidole. Kikidondoka chenyewe, jicho limeshika, maana lina uhai wa kutosha kukikata. Kikiwa kimenyauka na hakitoki, jicho limekufa. Wasiojua hufurahia hicho kinachong'ang'ania.